Kitabu kimoja hakitoshi: Funzo la Kisauni kuhusu usomaji wa fasihi darasani

Muhula uliopita, jioni ya Ijumaa moja, mwalimu kijana wa Kiswahili alinijia nyumbani hapa Kiembeni. Alikuwa na mkoba uliojaa insha za wanafunzi na uso wa mtu aliyekosa usingizi. Anafundisha katika shule moja ya upili ya huku kwetu Kisauni. Jina lake na la shule yake nitayahifadhi. Baada ya salamu na kikombe cha chai akanieleza kilichomleta.

Mwalimu huyu anaendesha chama cha usomaji siku za Jumamosi. Wanafunzi hutoka Bamburi, Mtopanga, Utange na hapa Kiembeni. Ukiita majina yao utasikia pwani na bara kwa pamoja: Wagiriama, Waswahili, Wakamba, Waluhya, Wataita, Wasomali, watoto wenye asili ya Hadhramaut na wengine ambao wazee wao walizaliwa Frere Town. Aliamua wasome Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kwa sababu mengi yanayosimuliwa humo yanaishia safari fupi tu ya matatu kutoka darasani mwao.

Wiki mbili hazikupita akapokea simu mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mzee mmoja wa Kiswahili. "Hebu nambie, mwalimu," mzee akasema, "waliouza watu walikuwa ni sisi peke yetu? Mwanangu amerudi nyumbani analia, wenzake wamuita muuza watu." Mwalimu akaomba radhi na kuahidi kukiondoa kitabu. Habari zikaenea. Siku ya pili yake akapigiwa simu na mama mmoja wa Kengeleni: "Ukikiondoa hicho, mwalimu, umetuondoa na sisi. Hapo shuleni babu zetu hawamo katika kitabu kingine chochote."

"Profesa," akaniuliza, "sasa mimi nifanyeje?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lake lilinigusa mahali ambapo nina deni la miaka 40 hivi, na ni haki msomaji alijue deni hilo kabla ya kusikia ushauri wangu.

Mimi ni mtu wa Vihiga. Nilipotoka chuo kikuu katikati ya miaka ya 1980 nilipangiwa kufundisha katika shule moja ya huku bara ya Mombasa. Nilikuwa na shahada, suruali mbili za kitambaa na imani kwamba Kiswahili ni sarufi. Katika kabati la vitabu nilikuta nakala chache kuukuu za Uhuru wa Watumwa. Hakikuwa kitabu cha kutahiniwa; nilikitumia kwa mazoezi ya ufahamu. Nilisoma kwa sauti, wanafunzi wakajibu maswali.

Kwenye dawati la mbele walikaa wavulana wawili waliokuwa marafiki wakubwa. Mmoja alitoka katika ukoo wenye asili ya Uarabuni. Wa pili alikuwa mjukuu wa watu wa Frere Town. Tulipofika mahali ambapo mateka wamepakiwa jahazini, darasa lilianza kunong'ona. Wakati wa mapumziko mmoja akaitwa muuza watu na mwenzake akaitwa mtumwa. Kesho yake hawakukaa dawati moja. Niliona. Nilichofanya ni kukirudisha kitabu kabatini na kuandika ubaoni somo la vinyume vya vitenzi. Nilijiambia kwamba nimeepusha ugomvi.

Miaka zaidi ya 20 baadaye nilikutana na yule mjukuu wa Frere Town katika soko la Kongowea, naye amekuwa mtu mzima mwenye mvi. Tulisalimiana kwa furaha. Kisha akasema, bila hasira yoyote: "Mwalimu, unakumbuka kile kitabu? Ulikifunga sisi bado tuko jahazini." Yule rafiki yake wa pili sijamwona hadi leo.

Nilimsimulia mwalimu kijana kisa hiki, nikamwambia kosa langu lilikuwa mara mbili. La kwanza ni kusoma kitabu kile peke yake, kama kwamba ndicho neno la mwisho juu ya jambo zito. La pili ni kukiondoa. Na ili kuelewa kwa nini yote mawili ni makosa, hatuna budi kuirejelea historia ya kitabu chenyewe na ya mahali kilipotoka.

Tunazoea kusema kwamba darasa lenye watoto wa jamii nyingi ni jambo la siku hizi, la miji iliyojaa wahamiaji. Kwa Kisauni dai hilo si kweli. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Aliyetumwa na Uingereza kuusukuma mkataba huo ni Sir Bartle Frere. Miaka miwili baadaye, 1875, wamishonari wa Church Missionary Society waliwapa makao ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa watu waliookolewa kutoka majahazini, na makao hayo yakapewa jina lake. Walioteremshwa hapo walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na watu wa mataifa mengineyo. Waliwakuta Waafrika waliokuwa wamesomeshwa Nasik, India, baada ya kukombolewa wakiwa wadogo. Hawa ndio waliofanya kazi kubwa ya ualimu na uinjilisti. Kengele ambayo imeipa Kengeleni jina lake ni masalio ya enzi hizo.

Fikiria basi darasa la Frere Town la miaka ya 1880. Mtoto wa Kiyao ameketi na wa Kimakua, mwalimu amelelewa India, nje kuna Wamijikenda na Waswahili wa Mombasa. Lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Darasa la mwalimu wangu wa Kiembeni si geni hata kidogo katika ardhi hii. Limekuwapo kwa takriban miaka 150.

James Mbotela ni mtoto wa jamii hiyo. Wazee wake walikuwa Wayao, naye alikuwa mwalimu. Uhuru wa Watumwa kilichapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934, na kikasomwa sana shuleni Afrika Mashariki. Msomaji ambaye hajakiona kitabu huenda anaijua familia hiyo kwa njia nyingine: marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mashuhuri wa redio, alizaliwa Frere Town katika ukoo huo huo.

Tukumbuke watoto wa shule walikuwa wakipewa nini wakati huo. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka mwaka 1929, ikiwa tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard. Kisiwa chenye Hazina ya Stevenson nayo ilitafsiriwa kipindi hicho hicho. Hizo zilikuwa safari za Wazungu katika nchi za watu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo pamoja na kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja ilikuwa na sauti kubwa juu ya kitabu gani kifae kwa shule. Katika mazingira hayo, Mwafrika kusimulia habari za jamaa zake kwa Kiswahili, kuanzia kukamatwa, safari ya miguu hadi pwani, jahazi, manowari na makao mapya, lilikuwa jambo kubwa. Mama wa Kengeleni aliyepiga simu ana hoja nzito. Ni kitabu chao.

Hata hivyo, mzee aliyepiga simu ya kwanza naye ana hoja. Kitabu hicho kilichapishwa na shirika la dini la Uingereza, wakati wa utawala wa Uingereza, na kinamtazama Mwingereza kwa jicho la shukrani. Mwarabu ndiye mwovu, Mwingereza ndiye mwokozi. Waafrika waliokamata na kuuza wenzao huko bara, matajiri wa Kihindi waliotoa mikopo ya misafara, Wazungu walionunua pembe na karafuu zilizobebwa na kuchumwa na watumwa, hao hawapewi uzito unaolingana na sehemu yao. Aidha, watumwa waliojikomboa wenyewe wanafunikwa na kivuli cha manowari.

Nao walikuwapo. Watoro walijijengea kijiji huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, bila kusubiri merikebu ya mtu. Wengine wengi walikimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, hadi wenye kuwamiliki wakaja juu. Mwanzoni mwa mwaka 1889 kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kuishika pwani ililazimika kuwalipa fidia mabwana ili watoro zaidi ya 1,400 wapewe hati za uhuru. Tuliangalie jambo hilo vizuri: waliolipwa ni mabwana, si watumwa. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, miaka zaidi ya 30 baada ya Frere Town kuanzishwa. Mwokozi hakuwa na haraka kiasi hicho.

Basi Uhuru wa Watumwa ni shahidi wa kweli, lakini ni shahidi mmoja. Kadhi au hakimu hatoi hukumu kwa kumsikia mmoja tu, wala hamfukuzi mahakamani kwa kuwa ushahidi wake unamuudhi mtu. Huita wengine. Hii ndiyo maana ya kusoma waandishi wa jamii mbalimbali darasani, kwa maoni yangu. Si kuigawa orodha ya vitabu kama viti vya bunge, kila kabila lipate chake. Ni kuita mashahidi.

Wazo hili lina historia yake nchini. Mnamo Oktoba 24, 1968, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandika waraka uliotikisa masomo ya fasihi. Walikuwa Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o. Walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na nafasi yake ichukuliwe na idara ya fasihi yenye Afrika katikati. Wengi huukumbuka waraka huo kama vita dhidi ya Shakespeare. Husahau kwamba haukutaka kumfukuza yeyote. Ulitaka mwanafunzi aanze na alipo kisha atoke nje kuelekea kwa wengine: Karibiani, Marekani Weusi, Asia, Ulaya. Vilevile husahau kwamba waraka uliitaja fasihi ya Kiswahili, pamoja na uhusiano wake na Uarabuni na Asia, kuwa mojawapo ya mizizi ya fasihi ya eneo hili. Kwa sisi tunaoishi Mombasa maneno hayo yana uzito. Waandishi wale walikataa wazo kwamba kitu hakiwi cha Kiafrika mpaka kisafishwe kila alama ya bahari.

Septemba 1974 walimu wa shule za upili, wahadhiri na wakuza mitaala walikutana katika Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Walipendekeza fasihi simulizi ifundishwe, na waandishi wa Afrika na wa ulimwengu wa tatu wapewe nafasi yao. Utekelezaji ulienda mwendo wa kinyonga. Mimi mwenyewe nilipitia shule ya upili katika miaka hiyo, na ninakumbuka nikikariri mashairi juu ya maua ambayo sikuwahi kuyaona.

Kiswahili kilikuwa na bahati yake. Darasa la Kiswahili limewasoma watu wa asili nyingi bila kelele. Shaaban Robert wa Tanga, tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa, alikuwa na asili ya Kiyao kama Mbotela. Mmoja akawa Mwislamu wa Tanga, mwingine Mkristo wa Frere Town, wote wawili wakaandika Kiswahili. Shihabuddin Chiraghdin, aliyehariri Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir mwaka 1971, alikuwa mwana wa Mombasa mwenye asili ya Punjabi kwa upande wa baba. Euphrase Kezilahabi alitoka Ukerewe. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, baada ya kutoka gerezani, alimfanya Ayi Kwei Armah wa Ghana azungumze Kiswahili katika Wema Hawajazaliwa, mwaka 1976. Marehemu Ken Walibora, aliyekulia Kitale, alimpa shujaa wa Siku Njema jina la Kongowea Mswahili, akamzaa Tanga na kumsafirisha hadi Kitale kumtafuta baba. Watoto wa Kisauni waliokisoma kitabu hicho walikuta jina la soko la mama zao limekuwa jina la mtu.

Kwa hivyo tatizo letu si uhaba wa waandishi. Tatizo ni jinsi tunavyowasoma. Tunawapanga mfululizo, mmoja baada ya mwingine kila baada ya miaka kadhaa, tukimaliza mmoja tunamfungia kabatini. Hatuwaweki meza moja wazungumze. Mwanafunzi anakariri maudhui, wahusika na mbinu za kitabu kimoja, anafaulu mtihani, na hajawahi kuuliza: mwingine aliyekuwapo angesemaje?

Nilimshauri mwalimu asikiondoe kitabu cha Mbotela bali akiongezee wenzake. Nilijitolea kwenda naye Jumamosi nne.

Jumamosi ya kwanza hatukufungua kitabu. Tulianza na maneno, kwa kuwa lugha nayo ni shahidi. Niliandika ubaoni: mtumwa, kijakazi, mzalia, mtoro, mngwana, mstaarabu. Wanafunzi walishangaa kugundua kwamba mtumwa, kwa umbo lake, ni mtu anayetumwa tu, na kwamba mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa hapa hapa pwani, tofauti na aliyeletwa. Tuliona kwamba mstaarabu ana chimbuko katika neno la Kiarabu la kujifanya kama Waarabu. Walioshangaza zaidi ni waungwana. Leo ungwana ni adabu na tabia njema. Zamani mngwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa wala mzao wa mtumwa. Ilikuwa hadhi ya kuzaliwa nayo, na adabu ilidaiwa kuwa mali yake.

Hapo nikawauliza: ni nani aliyewauliza Wakenya redioni kwa miongo mingi, "Je, Huu ni Ungwana?" Darasa likajibu kwa pamoja, hata wale ambao walisimuliwa tu na wazazi. Ni Leonard Mambo Mbotela, mzao wa watu ambao zamani wasingeitwa waungwana. Neno lililowabagua wazee wake yeye alilipokea, akaligeuza kuwa kipimo cha matendo ya kila mtu, awe nani. Msichana mmoja akasema, "Kumbe walitupokonya neno, na sisi tukalichukua." Sikumuuliza "sisi" ni akina nani. Nilifurahi tu kwamba alilitumia neno hilo bila woga.

Jumamosi ya pili tulirudi jahazini, pale nilipofunga kitabu zamani. Safari hii tulikisoma hadi mwisho. Kila tulipofika penye sifa za Mwingereza, mwalimu aliwauliza: kitabu kimechapishwa wapi, mwaka gani, na nani alikuwa anatawala? Wanafunzi wa kidato cha tatu si wajinga. Walielewa kwamba mtu aweza kusema kweli kuhusu maumivu yake na bado akawa na mtu anayepaswa kumshukuru.

Jumamosi ya tatu tuliwaita mashahidi wa Zanzibar. Wa kwanza alikuwa Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, akawa mwimbaji wa taarab aliyesikika katika santuri pwani nzima kabla ya kufariki mwaka 1950. Humo aliyezaliwa chini hasubiri manowari. Anasimama kwa sauti yake. Wa pili alikuwa Adam Shafi, ambaye Kasri ya Mwinyi Fuad yake ya mwaka 1978 inatuingiza ndani ya nyumba ya bwana shamba. Humo mna mtumishi aitwaye Kijakazi, ambaye amemtumikia bwana hadi hawezi kufikiri maisha mengine. Kisheria utumwa ulikuwa umekwisha zamani. Mazoea yake hayakuwa yamekwisha. Mvulana mmoja wa Utange akauliza kama wasichana wa kazi wanaolala jikoni katika nyumba za mtaani mwao ni jambo tofauti au ni lile lile. Kimya kilitanda. Baadhi ya watoto wale wana wasichana wa kazi nyumbani. Wengine dada zao ndio wasichana wa kazi.

Shahidi wa tatu alikuwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekimbilia Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 sasa tunayo kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa riwaya hiyo, hakukamatwa kwa upanga. Baba yake alimtoa rehani kwa tajiri aliyemdai. Mtoto anadhani tajiri ni ami yake. Gurnah anatoka katika jamii ambayo kitabu cha Mbotela huiweka upande wa mashtaka. Naye ndiye anayetuonyesha kwa undani jinsi biashara ilivyomla mtoto. Hamtetei tajiri kwa kuwa ni wa kwao, wala hasemi kwamba Mjerumani aliyekuwa anaingia nchini alikuwa malaika.

Yule mzee aliyepiga simu ya kwanza alifika Jumamosi hiyo, mwalimu alikuwa amemwalika. Alikaa nyuma, kofia yake kapakata, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama. "Hapa sasa pana haki kidogo," akasema. "Lakini sisi ambao hatukuwa na mtumwa wala jahazi, tuliokuwa wavuvi tu, mbona hatumo? Mtoto wangu aitwa muuza watu, na babu yake hakuwa hata na dau la kwake."

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halikuwa katika mkoba wangu. Lakini walimu wa 1974 walikuwa wameshatuonyesha njia. Jumamosi ya nne wanafunzi walikuja na masimulizi waliyoyakusanya kutoka kwa wazee wao, kila mmoja ukurasa mmoja au miwili. Mzee akamsimulia mwanawe habari za uvuvi na za mkopo wa nyavu usiokwisha. Mtoto wa mama wa Kengeleni akaleta habari za kanisa na za jina la ukoo ambalo kwa Kiyao lina maana na kwa watu wa hapa halina. Mgiriama mmoja akaleta habari za watoro waliopokelewa na kuoa kwao. Mkamba akasema nyanya yake amekataa kabisa kuzungumza juu ya biashara ya misafara, na hilo nalo akaliandika. Daftari hilo sasa liko kwenye rafu pamoja na vitabu vile vingine.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema fasihi ipimwe kwa ubora wa sanaa, si kwa asili ya mwandishi. Nakubaliana nao, na ndiyo maana nasema jina la ukoo wa mwandishi halitoshi. Mwandishi mbovu wa kabila langu hanifai kitu. Lakini orodha ikitoka daima upande mmoja, tutajuaje kwamba ni ubora uliochagua na si mazoea?

Walimu nao watauliza muda wa haya yote utoke wapi, ilhali vitabu vya lazima havijakamilika na mtihani unabisha hodi. Ni kweli. Mwalimu wangu alitumia Jumamosi zake, bila malipo. Lakini si lazima kusoma vitabu vizima. Sura moja ya Mbotela kando ya sura moja ya Gurnah ni vipindi viwili. Mtaala wa umilisi unaoingia katika sekondari ya juu unasisitiza fikra tunduizi na uraia. Basi fikra hizo zipewe chakula. Na atakayetaka kwenda mbali zaidi atawakuta Olaudah Equiano, aliyeandika maisha yake mwaka 1789, na Frederick Douglass wa mwaka 1845, waliopitia utumwa wa upande wa pili wa Afrika na kuandika kwa mikono yao wenyewe.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwamba mambo haya yanatonesha vidonda. Mwaka 1997 na tena baada ya uchaguzi wa 2007 tuliona mahali ambapo maneno kama mwenyeji na mtu wa kuja yanaweza kutufikisha. Mtu mzima mwenye akili huogopa. Mimi niliogopa mwaka ule, nikafunga kitabu. Lakini majina yale mawili hayakufungwa pamoja na kitabu. Yaliendelea uwanjani, njiani, na kwa miaka mingi baadaye. Tofauti ni kwamba hapakuwa na mwalimu karibu.

Sijui kama yule mzee ameridhika. Aliponiaga alisema tu kwamba atarudi muhula ujao, "nione mtakuja na lipi." Mama wa Kengeleni ameomba nakala ya daftari. Mwalimu kijana anatafuta nakala nyingine za Walenisi ya Katama Mkangi, mwana wa pwani hii hii aliyefariki mwaka 2004, wasome mwezi ujao. Wale tulioifundisha riwaya hiyo tangu ilipotoka mwaka 1995 tulizoea kuwauliza wanafunzi walipasue jina la nchi hiyo ya kubuni waone limeundwaje: wale ni sisi. Nilimwambia mwalimu aanze na swali hilo.